Binti Yangu Aliposema "Nimeelewa, Baba"

Viatu ndivyo vilivyomsaliti binti yangu. Nilikuwa nimemnunulia jozi mpya Januari mwaka wa 2025, siku mbili kabla ya kuingia Gredi ya 8, vile viatu vyeusi vya ngozi ambavyo mzazi hununua huku akimwomba Mola vifike Desemba. Kufikia katikati ya Machi visigino vilikuwa vimelika upande mmoja, na soli ya kushoto ilikuwa imeanza kufungua kinywa. Nikamwita sebuleni.

"Mama, hivi viatu unavitembelea wapi? Si nakupa nauli kila asubuhi?"

Alinyamaza, akaangalia sakafu. Kama una mtoto wa umri huo nyumbani, kimya cha namna hiyo unakijua.

Ukweli ulitoka usiku kupitia kwa mamake, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi. Mimi humpa shilingi 40 kila siku, 20 za kwenda na 20 za kurudi. Kumbe kila Jumatatu na Jumatano alikuwa akitembea kwa miguu kutoka kwetu Umoja hadi shuleni na kurudi, mwendo wa dakika hamsini hivi kila safari. Kwa njia hiyo alikuwa akiweka akiba ya shilingi 80 kwa wiki. Na hizo 80 alikuwa akimpa kijana mmoja wa darasa lao amfanyie kazi ya nyumbani ya hisabati, mara nne kwa wiki, kila mara shilingi 20. Hakukosea hata senti moja katika mpango huo.

Najua unavyowaza. Mtoto huyo anastahili kiboko. Nami niliwaza hivyo hivyo, na hata nikasimama. Mamake akanitazama akasema, "Kaa chini kwanza. Muulize alianza lini." Nikauliza. Alianza wiki ile niliyompiga na rula.

Hebu nirudi nyuma kidogo ili unielewe. Mimi ni karani wa stoo katika kampuni moja ya Viwandani. Kuanzia asubuhi hadi jioni kazi yangu ni nambari: katoni ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, ngapi zimeharibika. Hivyo basi binti yangu alipoanza kuleta alama 23 na 27 kwa mia katika hisabati, niliona aibu kama mwashi anayelala katika nyumba inayovuja. Nikaamua kumfundisha mwenyewe. Kila jioni baada ya chajio tulikaa mezani, mimi na yeye, daftari katikati na rula mkononi mwangu.

Nilimfundisha jinsi nilivyofundishwa. Mimi ni mtoto wa 8-4-4, nilifanya KCPE mwaka wa 1991 katika shule ya kutwa huko Ukambani. Asubuhi kabla ya gwaride mwalimu alikuwa akitutolea hesabu kumi za akilini, na kila uliyokosa ilikuwa na kiboko chake. Baadaye, darasani, aliandika kanuni ubaoni, akatoa mfano mmoja, akageuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Nasi, watoto zaidi ya hamsini, tukaitika kwa sauti moja, "Ndiyo mwalimuuu!" Hakuna aliyethubutu kusema hajaelewa, maana aliyesema hivyo aliitwa mbele, na mbele hapakuwa mahali pa kuelezwa chochote. Kanuni zenyewe hazikuwa na sababu. Ukigawanya kwa sehemu, geuza ya pili juu chini kisha uzidishe. Hasi mara hasi ni chanya. Pai ni 22 juu ya 7. Tuliyapokea haya kama amri zilizoshuka kutoka mlimani.

Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka wa 2001, lakini marufuku hiyo haikufika katika meza yangu ya chajio. Jioni ile tulikuwa tukifanya mabano. Nilikuwa nimemweleza mara nne kwamba alama ya kutoa ikiwa nje ya mabano hugeuza alama zote zilizo ndani. Mara ya tano akakosa pale pale. Rula ikashuka juu ya vidole vyake kabla sijajua nimeinua mkono. Hakulia. Aliviingiza vidole kwapani, akasema polepole, "Nimeelewa, baba." Nami nikaamini. Nilimwambia mke wangu usiku huo kwamba mtoto ameanza kushika. Na kweli, tangu wiki ile daftari lake lilianza kuja na alama za ndiyo ukurasa mzima. Nilijipongeza! Niliwaambia hata wenzangu kazini kwamba watoto wa siku hizi wanataka ukali kidogo tu.

Basi huyo ndiye mwalimu aliyekuwa ndani ya nyumba. Sasa nikueleze lililonifungua macho, nalo halikutokea shuleni wala katika kitabu.

Dada yangu ana kibanda cha mboga na matunda karibu na steji. Jumamosi moja mwezi wa Aprili, likizo ikiwa imeanza, nilipita kumsalimia nikamkuta binti yangu ndiye aliyeachiwa kibanda, shangazi yake ameenda kuchota maji. Akaja mama mmoja aliyekuwa na haraka. Maparachichi matatu ya shilingi 25, mafungu mawili ya sukuma ya shilingi 20, akatoa noti ya 200. Binti yangu alikuwa akifunga sukuma kwa karatasi huku akinong'ona, "Sabini na tano... mia na kumi na tano... hii tano, mia na ishirini... na themanini, mia mbili." Akamrudishia 85. Hakushika kalamu, hakukunja uso, wala hakuhesabu vidole. Mteja alikwenda zake, na mwingine akaja.

Mimi nilisimama kando ya kibanda kile nikiwa nimeduwaa. Jioni, bila rula, nikamwandikia kwenye karatasi: 200 − (3 × 25 + 2 × 20). Sikumwambia inahusu nini. Alifikiri kwa muda mrefu, akajikuna kichwa, kisha akaandika 200 − 75 + 40, na chini yake jibu: 165.

"Mama," nikamwambia, "yule mteja wa parachichi, ungempa chenji ya 165?"

Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Baba! Si shangazi angefunga kibanda!"

Kisha akaiangalia karatasi tena. Nikaona macho yake yakienda kwenye 75, kwenye 40, kwenye yale mabano. Akasema, akijiambia mwenyewe, "Kumbe sukuma pia amenunua. Sasa mbona nimemrudishia pesa za sukuma?" Akachukua kalamu, akaifuta ile alama ya kujumlisha, akaweka ya kutoa. 85. Msomaji, miaka thelathini na zaidi nimeijua kanuni ile ya mabano, na sikuwahi kujua kwamba maana yake ni hiyo tu: ukitoa jumla ya vitu viwili, umevitoa vyote viwili.

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu aliyefundisha hisabati sekondari. Nilipomsimulia kisa hiki alicheka, akaniambia jambo hilo liliandikwa zamani. Mwaka wa 1985 watafiti watatu, Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti walioufanya katika mji wa Recife nchini Brazil. Waliwaendea watoto watano wa kati ya miaka 9 na 15 waliokuwa wakiuza vitu barabarani, nazi na kadhalika, wakanunua kwao kama wateja wa kawaida huku wakiwauliza bei na chenji. Watoto walijibu sawa mara 98 hivi kwa mia. Baadaye watoto wale wale wakapewa hesabu zenye nambari hizo hizo kwa karatasi na kalamu. Zile zilizoandikwa kama visa vya maneno walipata kama 74 kwa mia, na zile za nambari tupu wakapata kama 37. Watoto ni wale wale, na nambari zilikuwa zile zile. Barabarani walitumia njia zao wenyewe, ambazo walizielewa, na kwenye karatasi walijaribu kukumbuka njia ya mwalimu.

Huyo jirani aliniambia pia kwamba hapa kwetu jambo hili halikupuuzwa. Mwaka wa 1998 serikali ilianzisha mradi wa SMASSE kwa ushirikiano na Japani, kwa minajili ya kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Kiini chake kilikuwa kupunguza hotuba za mwalimu, mwanafunzi afanye kazi kwa mikono yake, na pasipo vifaa mwalimu abuni kutokana na vilivyopo. Kituo cha CEMASTEA kule Karen ndicho kilichorithi kazi hiyo. "Tulifundishwa vizuri sana," akasema mzee. "Kisha tukarudi shuleni, tukakuta silabasi haijamalizwa na mtihani uko mlangoni. Chaki ikarudi kazini."

Muhula wa pili ulipofunguliwa, darasa la binti yangu lilipata mwalimu mwanagenzi, kijana mwembamba ambaye ungemdhania ni mwanafunzi. Siku ya tatu binti yangu alikuja nyumbani akaomba kifuniko cha sufuria na uzi. Mamake akauliza kama shule imegeuka jikoni. Siku ya pili yake nikasikia habari yenyewe. Kila mmoja alikuja na kitu cha mviringo: kifuniko, sahani, kopo la maziwa ya unga, mfuniko wa ndoo. Wakazungusha uzi ukingoni, wakaunyoosha kwenye rula, wakapima na kipenyo, wakagawanya. Huyu akapata 3.1, yule 3.2, mwingine 3.0 kwa sababu uzi wake ulilegea. Mwalimu akaziandika zote ubaoni bila kusema neno, hadi msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, mbona vitu vyote vinatoa tatu na kitu?" Hapo ndipo akawaambia jina la hicho kitu. Mimi pai niliitiwa "22 juu ya 7" nikiwa na umri wa miaka 12, na hadi mwaka jana sikujua kwamba inapatikana kwenye sufuria.

Kwa hasi na chanya aliwaletea habari za daftari la deni la dukani. Deni la shilingi 50 ni hasi 50. Mwenye duka akikufutia madeni matatu kama hayo, amekuondolea hasi 50 mara tatu. Je, umekuwa maskini zaidi ama umepata nafuu ya shilingi 150? Darasa zima lilijua jibu, maana ni nani kati yetu asiyelijua daftari lile?

Jambo lililomshangaza binti yangu zaidi, hata hivyo, ni kwamba mwalimu huyo hakuwahi kuuliza "Mmeelewa?" Badala yake alikuwa akimwita mtu ubaoni na kumwambia, "Tueleze ulivyofikiri." Na ukikosa alisema, "Hilo kosa ni zuri, liache hapo, tulitazame." Wiki za kwanza binti yangu aliomba ardhi immeze. Kuelekea mwisho wa muhula akaanza kuja nyumbani na hadithi za makosa ya wenzake, na yake pia, akizisimulia kama mtu anayesimulia mpira.

Sasa nifike mahali ambapo sikupendi unione. Mwezi wa Julai tuliitwa mkutano wa wazazi. Baba mmoja, mtu wa suti, akasimama akalalamika kwamba watoto wanacheza na vifuniko vya sufuria, daftari lina hesabu tano ambapo shule jirani wana hesabu thelathini, na mtihani wa KJSEA hautauliza sufuria. Alipigiwa makofi. Na tuseme ukweli, wasiwasi wake haukuwa wa bure. Alama zinazompeleka mtoto sekondari pevu hutoka sehemu tatu: asilimia 20 ni KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 ni KJSEA. Mzazi anayezijua nambari hizo halali vizuri. Mwalimu mwanagenzi alikaa pembeni mikono magotini, akingoja labda mtu mmoja aseme neno. Mimi nilikuwa nalo. Nilikuwa na parachichi, nilikuwa na kifuniko, nilikuwa na binti ambaye siku hizo hakuwa akimlipa mtu. Nikainamisha kichwa nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Mkutano ukaendelea na ajenda ya chakula cha mchana.

Baada ya hapo daftari lilirudi kuwa na hesabu thelathini. Mwishoni mwa mwaka kijana yule alihamishwa, sijui aombe mwenyewe au aondolewe.

Wala usinielewe vibaya, msomaji, ukadhani nimekuwa adui wa kukariri. Viboko vya Ukambani viliniumiza, lakini jedwali la kuzidisha lilibaki kichwani, na hadi leo ndilo linalonipa mshahara. Binti yangu alipomweleza mwalimu jinsi ya kutafuta eneo la pembetatu alieleza vizuri ajabu, kisha akakwama kwenye 7 mara 8. Anayesaka 7 mara 8 kwa vidole hana nafasi kichwani ya kufikiria pembetatu. Kwa hiyo sisi nyumbani jedwali tunaliimba wakati wa kuosha vyombo, yeye akiosha nami nikipangusa, na anayekosa ndiye anayesugua sufuria ya ugali. Nimesugua mara mbili, zote kwenye 12 mara 13, ambayo yeye ndiye aliyeiongeza kwa hila. Wako wanaosema kanuni kwanza na maana itakuja yenyewe, na wako wanaosema maana tu inatosha. Wote wawili ningependa wakae kwenye kibanda cha dada yangu Jumamosi moja, saa kumi na mbili jioni, foleni ikiwa ndefu.

Alama zake? Alifunga Gredi ya 8 na 54 kwa mia. Si za kuchinjia mbuzi, lakini ni zake. Yule kijana wa shilingi 20 ni rafiki yake hadi sasa, na nasikia amehamia kwenye biashara ya kuuza kalamu.

Kundi la kwanza la Gredi ya 9 lilifanya KJSEA mwaka wa 2025, nasi tumo katika kundi linalofuata. Wakati ule wa viatu binti yangu alikuwa ameshamwambia mamake kwamba atachagua mkondo wowote ule mradi usiwe na hesabu, ingawa tangu utotoni alikuwa akisema atakuwa daktari wa mifugo. Lilipotangazwa mwaka huo wa 2025 kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu, ile nzito kwa wa mkondo wa STEM na ile nyepesi kwa wa mikondo mingine, alilia. Siku hizi hasemi atachagua nini, nami nimejizuia kuuliza. Lakini juzi nilimkuta akisoma kijikaratasi kuhusu magonjwa ya ng'ombe kilichotoka kwa kina babu yake.

Jumapili iliyopita alinijia mezani na swali. "Baba, kwa nini ukigawanya kwa sehemu unageuza juu chini?"

Nilifungua kinywa kutaja kanuni, kisha nikakifunga. "Sijui," nikamwambia. Sikumbuki kama nilishawahi kumwambia mtoto wangu neno hilo.

Kulikuwa na chapati tatu kwenye sahani. Akasema tujaribu tatu tugawanye kwa robo tatu, yaani, kama kila mtu anakula robo tatu ya chapati, zitatosha watu wangapi? Akachukua kisu, akakata kila chapati vipande vinne. Vikawa kumi na viwili. Kisha akavipanga vitatu vitatu. Mafungu manne. Tukavitazama. "Nimezidisha kwa nne nilipokata," akasema polepole, "halafu nimegawanya kwa tatu nilipopanga." Aliandika kwenye ukingo wa gazeti: 3 × 4 ÷ 3. Nami nikaona, nikiwa na mvi kichwani, ile robo tatu ikiwa imepinduka mbele yangu: nne juu, tatu chini.

Mamake akatokea jikoni na bakuli la ndengu, akasimama. "Hizi chapati za wageni amezikata nani?"

Kila mmoja wetu akamnyooshea mwenzake kidole.